Vimbunga vya Bahari ya Hindi havifiki Kivu, lakini joto linalovipa nguvu linafika

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi mwezi wa nne, redio na simu za wakaaji wa mashariki mwa Kongo zinajaa habari za vimbunga. Mara ni Madagaska, mara ni Msumbiji, mara ni Malawi, na siku hizi hata Tanzania. Picha za nyumba zilizobomolewa zinazunguka toka simu hadi simu, na swali linarudi lile lile, sokoni, kwenye pikipiki na nje ya kanisa: kile kimbunga kitafika huku?

Jibu fupi ni hapana. Kimbunga chenyewe hakiwezi kufika Goma, Bukavu, Bunia wala Kindu. Lakini mtu akiishia kwenye jibu hilo, anaweza kulala akifikiri kwamba mambo ya bahari hayamuhusu hata kidogo. Yanamuhusu. Joto linaloongeza nguvu ya vimbunga baharini ni joto lile lile linaloongeza maji ndani ya mawingu ya Kivu na Tanganyika. Na mambo yaliyoua watu wengi Malawi na Zimbabwe yanafanana sana na yale yaliyoua watu Kalehe.

Si kila upepo mkali ni kimbunga

Katika lugha ya kila siku, upepo ukibeba mabati ya shule, watu wanasema kimbunga kimepita. Kwa wataalamu wa hali ya hewa, maana ni nyembamba zaidi. Upepo unaopiga Goma au Uvira kwa dakika ishirini na kuondoka unazaliwa na wingu moja kubwa la radi. Kimbunga cha kitropiki ni kitu kingine: ni mfumo wa mawingu unaojizungusha, wenye upana wa kilomita mia kadhaa, unaoishi siku nyingi, pengine wiki nyingi. Upepo wake ukifika karibu kilomita 120 kwa saa, ndipo katika sehemu hii ya Bahari ya Hindi unaitwa kimbunga kamili. Kabla ya hapo ni dhoruba tu, ingawa nayo inaweza kuua.

Ili kizaliwe, lazima mambo kadhaa yakutane. La kwanza ni bahari yenye joto: maji yawe na nyuzi 26 na nusu za Selsiasi au zaidi, na joto hilo lishuke hadi mita kama 50 chini, si juu juu tu. Hapa mfano wa jikoni unasaidia. Sufuria ya sombe ikikaa kwenye babula yenye makala mingi, mvuke unapanda bila kukatika. Makala ikiwa kidogo, mvuke unakatika mapema. Bahari ndiyo babula. Mvuke unapanda, unageuka mvua huko juu, na ukigeuka mvua unaachia joto lake hewani. Hewa ile iliyopata joto inapanda zaidi, na chini yake hewa nyingine inavutwa kujaza nafasi. Ule mvuto njo upepo wa kimbunga.

La pili ni hewa yenye unyevu mwingi kuanzia juu ya maji hadi kilomita nyingi angani. La tatu ni utulivu wa pepo za juu. Pepo za juu zikienda upande mmoja na za chini upande mwingine, zinaupasua mfumo ule kabla haujakomaa, sawa na upepo unaotawanya moshi wa babula.

La nne ndilo linalolinda majimbo ya mashariki. Mawingu yale yanapata mzunguko wake kutoka kwa mzunguko wa dunia yenyewe, na karibu na ikweta msukumo huo ni mdogo sana. Kwa kawaida vimbunga haviwezi kuzaliwa ndani ya nyuzi 5 za latitudo, yaani kama kilomita 550 kila upande wa ikweta. Goma, Bukavu, Bunia na Kisangani ziko zote chini ya nyuzi 3. Kalemie iko karibu nyuzi 6, lakini toka Bahari ya Hindi hadi pale kuna zaidi ya kilomita 1000 za nchi kavu, na kimbunga kikiingia nchi kavu kinapoteza makala yake.

Wengine wanauliza: na ziwa Tanganyika je, si maji mengi nayo? Ni mengi, lakini ziwa ni jembamba, kama kilomita 50 tu kwa upana. Linaweza kuzaa dhoruba za usiku zinazopindua mitumbwi na mashua, na kila mvuvi wa Uvira, Baraka au Moba anazijua. Haliwezi kuzaa kimbunga.

Joto linabadilisha nini

Tangu viwanda vianze kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, dunia imeongezeka joto. Ripoti ya mwaka 2021 ya IPCC, jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa, ilipima ongezeko hilo kuwa kama digrii 1.1. Wengi wanafikiri joto hilo liko hewani. Kwa kweli zaidi ya asilimia 90 ya joto lililozidi limemezwa na bahari. Makala imeongezwa kwenye babula.

Sasa mtu angesema: basi vimbunga vitakuwa vingi zaidi. Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Dunia nzima huwa na vimbunga na dhoruba za aina hiyo 80 hadi 90 kila mwaka, na wanasayansi hawatarajii hesabu hiyo ipande. Wengi wao wanaona itabaki pale pale au itapungua kidogo. Juu ya nini? Kwa sababu joto la bahari ni sharti moja tu kati ya mengi. Hewa ya juu nayo inapata joto, na inapata haraka kuliko hewa ya chini. Hilo linafanya mvuke upate shida kidogo kuanza kupanda. Na pepo za juu zinabadilika pia, mahali pengine zikisaidia, mahali pengine zikizuia.

Kinachobadilika ni nguvu ya vile vinavyofaulu kuzaliwa. Ripoti ile ya 2021 ilisema kuna uwezekano mkubwa kwamba katika miaka 40 iliyopita, sehemu ya vimbunga vikali kati ya vimbunga vyote imepanda. Utafiti wa mwaka 2020 ulioongozwa na Thomas Knutson wa Marekani ulikusanya kazi nyingi za wenzake na kutoa makadirio: dunia ikifika digrii 2 za ongezeko, upepo wa juu kabisa wa vimbunga utaongezeka kwa kama asilimia 5, na mvua yake kwa kama asilimia 14.

Asilimia 5 inaonekana kidogo. Lakini nguvu ya upepo kusukuma ukuta haipandi sawa na mwendo wake. Upepo ukiongezeka kwa asilimia 5, msukumo unaongezeka kwa asilimia 10 hivi. Nyumba iliyokuwa imebaki imesimama kwa bahati, safari hii inaanguka.

Mvua nayo ina sheria yake, na hii ndiyo ya kushika vizuri. Kila hewa ikiongezeka digrii moja ya joto, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7. Ni kama mtungi ulioongezwa ukubwa: unachukua muda zaidi kujaa, lakini siku unapomwagika, unamwaga zaidi. Sheria hiyo haijui mpaka wa bahari na nchi kavu. Inafanya kazi juu ya Beira, na inafanya kazi juu ya vilima vya Kalehe.

Kuna jambo lingine kwa watu wa pwani: usawa wa bahari umepanda kwa kama sentimita 20 tangu mwanzo wa karne iliyopita, na kimbunga kinaposukuma maji kuingia mjini, kinaanzia juu zaidi kuliko zamani.

Idai, Freddy, Hidaya

Miaka ya karibuni imeonyesha mambo hayo waziwazi kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 mwezi wa tatu 2019, kimbunga Idai kiliingia mji wa Beira, Msumbiji. Watu zaidi ya 600 walikufa katika nchi hiyo peke yake. Wengi hawakuuliwa na upepo. Mito ya Buzi na Pungwe ilifurika baada ya upepo kupita, na mashamba yakageuka bahari. Wiki sita baadaye, tarehe 25 mwezi wa nne, kimbunga Kenneth kikapiga Cabo Delgado, kaskazini mwa nchi hiyo hiyo. Katika kumbukumbu zilizopo, haikuwa imetokea Msumbiji ipigwe na vimbunga viwili vikali namna hiyo katika msimu mmoja.

Freddy ya mwaka 2023 ilikuwa safari ya ajabu. Ilizaliwa mwanzoni mwa mwezi wa pili karibu na Australia, ikavuka Bahari ya Hindi yote, ikapiga Madagaska tarehe 21, ikaingia Msumbiji tarehe 24, ikarudi baharini kuchukua nguvu upya, kisha ikapiga Msumbiji tena tarehe 11 mwezi wa tatu na kusimama juu ya kusini mwa Malawi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kwamba iliishi siku 36, rekodi ya dunia nzima. Iliyoshika rekodi mbele yake, John ya mwaka 1994 katika Bahari ya Pasifiki, haikumaliza siku 30.

Tena mwezi wa tano 2024, Hidaya ilikaribia Tanzania na kufika kisiwa cha Mafia tarehe 4, ikiwa tayari imepungua nguvu. Watu walishangaa, juu pwani ya Tanzania haikuzoea. Wazee wa Unguja na Lindi wanazo habari za mwaka 1872, wakati kimbunga kilipong'oa mikarafuu ya Zanzibar, na za mwaka 1952 kule Lindi. Mambo ya namna hiyo yalitokea mara chache sana.

Je, kila kimojawapo ni kazi ya mabadiliko ya hali ya hewa? Mwanasayansi mwangalifu hasemi hivyo. Vimbunga vilikuwepo kabla ya viwanda, na mwaka 1872 unathibitisha. Swali linalojibika ni lingine: mvua yake ilizidi kwa kiasi gani kwa sababu ya joto? Kundi la World Weather Attribution liliuliza swali hilo juu ya dhoruba Ana na kimbunga Batsirai, zilizopiga Madagaska, Msumbiji na Malawi mwaka 2022. Jibu lao lilikuwa kwamba joto liliongeza mvua ile. Kiasi gani hasa, hawakuweza kukitaja, kwa sababu vipimo vya mvua katika nchi hizo vilikuwa vichache mno. Jambo hilo la vipimo lifungiwe kamba hapa, litarudi.

Blantyre iko kwenye vilima kama Bukavu

Mkaaji wa Kivu anayetazama picha za Freddy, afadhali asiangalie upepo. Aangalie udongo. Blantyre ni mji wa Malawi ulio mbali na bahari, umejengwa kwenye miteremko, na watu wasio na uwezo wa kununua kiwanja cha tambarare wamejenga juu kabisa, kwenye vilima vilivyokatwa miti kwa ajili ya kuni na makala. Mvua ya miezi sita ilianguka kwa siku sita. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 mwezi wa tatu, matope na mawe yalishuka kwenye mitaa kama Chilobwe watu wakiwa wamelala. Ukihesabu pamoja na wale ambao hawakuonekana tena, Malawi ilipoteza zaidi ya watu 1000.

Miaka minne kabla, Idai ilifanya vile vile Zimbabwe. Chimanimani ni mji wa milimani, karibu kilomita 200 toka bahari. Kimbunga kilipofika pale hakikuwa tena na upepo wa kutisha, lakini kilibeba maji. Usiku, mawe makubwa yaliviringika na kupitia nyumba za watu.

Hayo ndiyo mambo ya kufikiria kwa mtu anayekaa Kadutu, au kando ya mto Mulongwe kule Uvira, au chini ya milima ya Kalehe. Kimbunga kikishapoteza jina lake kinabaki mvua kubwa juu ya mlima uliovuliwa miti, usiku, bila mtu wa kuamsha wenzake. Na mvua kubwa ya namna hiyo haihitaji kimbunga ili ianguke Kivu.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wake. Milimita moja ya mvua ni litre moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 50, ambayo huku si ajabu, inaangusha litre 2000 kwenye paa la nyumba ya mita 40 za mraba, sawa na mapipa kumi ya litre 200. Kwenye hekta moja ya mlima, ni tani 500 za maji. Kama kuna miti na nyasi, sehemu kubwa inaingia ardhini polepole. Kama kuna udongo mtupu uliokwisha lowa kwa mvua za jana na juzi, maji hayana pa kwenda isipokuwa chini, pamoja na udongo wenyewe.

Kimbunga cha mbali kinavuta upepo wa hapa

Kuna pia kamba ya moja kwa moja kati ya vimbunga vya bahari na anga la mashariki mwa Kongo, ingawa si watu wengi wanaoijua. Kwa kawaida pepo za Afrika Mashariki zinatoka baharini, upande wa mashariki, kwenda bara. Lakini kimbunga kikisimama mashariki mwa Madagaska, kinaweza kugeuza pepo hizo. Hewa yenye unyevu ya bonde la Kongo inavutwa kuelekea mashariki, inapita juu ya Maziwa Makuu, na kuongeza mvua hadi Uganda, magharibi mwa Tanzania na Kenya. Mwezi wa tatu 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipokuwa upande wa Madagaska, Kenya ilipata mvua nyingi kupita kawaida, na watafiti walihusisha mambo hayo mawili. Kimbunga kikisimama kwenye mkondo kati ya Madagaska na Msumbiji, mara nyingi inakuwa kinyume: Afrika Mashariki inakauka, kama ilivyotokea wakati wa Idai, mvua za masika zilipochelewa Kenya.

Kwa hiyo habari za kimbunga si habari za nchi za watu tu. Mkulima wa Kivu anaweza kuichukua kama alama moja kati ya alama nyingine: pepo zimegeuka, mvua ya wiki hizi inaweza kutofuata desturi.

Lakini ni vizuri pia kutotupia vimbunga kila mzigo. Maji ya ziwa Tanganyika yaliyoingia nyumba za Uvira, Kalemie na Bujumbura mwaka 2024 hayakuletwa na Hidaya. Ziwa lile linakusanya mvua za miezi na miaka, na lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga unaokwenda Lualaba. Mvua kubwa za mwisho wa 2019 na za 2023 zilisukumwa zaidi na hali nyingine ya Bahari ya Hindi: upande wa magharibi wa bahari, ule wa Afrika, unapopata joto kuliko upande wa Indonesia, mawingu yanahamia huku. Babula ni ile ile, sufuria ni nyingine.

Kalehe: vifo bila vipimo

Alhamisi, tarehe 4 mwezi wa tano 2023, mvua iliangusha milima juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, eneo la Kalehe, jimbo la Kivu ya Kusini. Watu zaidi ya 400 walizikwa, wengi katika makaburi ya pamoja, na wengine hawakuonekana hadi leo. Siku mbili kabla, mvua kubwa ilikuwa imeua watu zaidi ya 130 upande wa Rwanda. Hakukuwa na kimbunga chochote. Ilikuwa mvua tu.

Wanasayansi wale wale wa World Weather Attribution walichukua kazi hiyo pia. Walitaka kujua kama joto la dunia liliongeza mvua ile. Mwezi wa sita walitoa ripoti yao, na ripoti ikasema kwamba hawawezi kujibu. Vituo vya kupima mvua kandokando ya ziwa Kivu vilikuwa vichache, vipimo vya satelaiti havikukubaliana, na milima inafanya mvua ya kijiji kimoja kuwa tofauti na ya kijiji cha jirani. Kamba iliyofungwa pale kwa Ana na Batsirai inarudi hapa, na safari hii imekaza zaidi: kule walijua angalau kwamba mvua iliongezwa, hapa hata hilo halikusemwa.

Jambo hilo si la watu wa vitabu tu. Mwezi wa kumi na moja 2022, mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh, Misri, ulikubali kuundwa kwa mfuko wa kusaidia nchi zinazopata hasara na uharibifu kwa sababu ya mabadiliko ya hali ya hewa, na mwaka uliofuata mkutano wa Dubai ukaanzisha kazi yake. Kongo, ambayo imechoma mafuta kidogo sana ukilinganisha na nchi za viwanda, ina haki ya kuongea kwa sauti kubwa mezani pale. Lakini mtu anayedai hasara anaulizwa vipimo. Nchi yenye miaka 60 ya daftari za mvua inakuja na karatasi. Nchi ambayo vituo vyake vilikufa kwa vita, kwa wizi na kwa kukosa mishahara inakuja na makaburi peke yake.

Na kabla ya pesa, kuna uhai. Hakuna tahadhari bila kipimo. METTELSAT, idara ya taifa ya hali ya hewa, haiwezi kumwambia mkaaji wa kijiji cha Kalehe kwamba mvua ya siku tatu imeshapita kiasi, kama hakuna mtu aliyeipima.

Yanayowezekana kabla ya msimu

Kuna nchi iliyothibitisha kwamba nguvu ya kimbunga si yenyewe inayoamua idadi ya vifo. Mwaka 1970 kimbunga kiliua watu wasiopungua 300,000 katika eneo ambalo leo ni Bangladesh. Baada ya hapo, nchi ile maskini ilianza mwaka 1972 mpango wa watu wa kujitolea: katika kila kijiji kuna watu wenye redio, megafoni na bendera, na kila familia inajua nyumba gani ya kukimbilia. Mwaka 2020, kimbunga Amphan, kimoja kati ya vikali kabisa katika bahari ile, kilipokaribia, zaidi ya watu milioni 2 walihamishwa Bangladesh. Waliokufa walihesabiwa kwa makumi. Msumbiji nayo, baada ya mafuriko ya mwaka 2000, iliunda kamati za vijiji za namna hiyo.

Mashariki mwa Kongo, kuhamisha watu milioni si jambo la kusema kwa mdomo mwepesi. Wengi waliojenga kwenye miteremko walikimbia vita, na hawakuchagua. Kumwambia mtu kama huyo ahame bila kumwonyesha mahali pengine ni bure. Lakini kuna mambo ambayo shefu wa kijiji, mwalimu, nesi au kamati ya nyumba kumi inaweza kuanza bila kungoja mradi.

La kwanza ni kupima mvua. Chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka inakatwa shingo, shingo inageuzwa juu chini kuwa mdomo wa kupokea maji. Ndani wanaweka mawe madogo na maji kidogo hadi pale chupa inapoanza kunyooka, wanaandika sifuri kwenye mstari huo, na kubandika rula ya shule ubavuni. Chupa inasimamishwa mahali wazi, mbali na mti na paa. Kila asubuhi saa mbili mtu anasoma milimita, anaandika kwenye daftari pamoja na tarehe, na kumwaga maji hadi sifuri. Shule kumi zikifanya hivyo kwa miaka mitano, zitakuwa na kitu ambacho watafiti wa 2023 hawakukipata, na redio ya mahali inaweza kutangaza vipimo hivyo kila asubuhi.

La pili ni kujua alama za mlima. Ufa mpya kwenye udongo juu ya nyumba, miti au nguzo zilizoanza kuinama, chemchemi inayotoka mahali ambapo haikuwepo, mto unaogeuka matope ghafla: hizo ni alama za kuondoka. Mto ukipungua ghafla wakati mvua bado inanyesha, hiyo ni hatari kubwa zaidi. Maana yake udongo umeuziba huko juu, na utapasuka.

La tatu ni kukubaliana mapema nani anaamsha watu usiku. Blantyre, Chimanimani: maafa yalikuja watu wamelala, na hakuna mtu anayesikiliza redio saa nane za usiku. Ngoma, filimbi au kengele ya kanisa inatosha, mradi kila nyumba ijue maana yake na ijue njia ya kupita, hasa wazee, wagonjwa na watoto.

Msimu wa vimbunga utarudi mwezi wa kumi na moja, na majina mapya yatasikika kwenye redio. Wataalamu wa kisiwa cha Réunion, wanaofuatilia sehemu hii ya bahari, watasema kimbunga kinaelekea wapi, na hakitaelekea Kivu. Mvua ya Kivu haitapewa jina na mtu yeyote. Itajulikana tu pale ambapo kuna mtu aliyeamka saa mbili asubuhi, akaisoma na kuiandika.